Mifuko Miwili Iliyozidi

Mifuko ya chumvi ilikuwa kumi na mitatu. Ilitakiwa iwe kumi na mmoja. Nikaanza upya kutoka upande wa ukutani, nikiigusa mmoja mmoja kama mtu anayepeana mikono na wafiwa, nikafika mlangoni na kumi na mitatu yangu vilevile.

Sokoni Kongowea, Mombasa, nilikouza mitumba miaka tisa kabla ya kuja Dubai, kilichozidi hakikumtisha mtu. Ukifungua robota ukakuta mashati matatu zaidi ya uliyoahidiwa, unasema alhamdulillahi na unafunga mdomo. Kinachomnyima mchuuzi usingizi ni kilichopungua. Lakini Jumamosi ile, ndani ya ghala letu la Ras Al Khor, mifuko miwili iliyozidi ilinikalisha chini juu ya robota la jeans kuukuu. Chumvi ile haikuwa ya kuuza wala ya kupikia. Kazi yake ni moja, kuwazuia watu wasiungue. Sasa ikiwa imebaki hapa ghalani, basi kuna mahali inapotakiwa kuwapo na haipo.

Kiwanda chenyewe ni kibanda kikubwa cha mabati kilichobanwa na wauza vipuri vya magari pande zote. Tunaletewa nguo ambazo hata Afrika hazitakiwi, na mimi ndiye wa kuulizwa Afrika inakataa nini, maana nimeuza zenye hali mbaya kuliko hizo na mteja akaondoka akinishukuru. Tunachambua: pamba huku, nailoni na poliesta kule, kwa sababu poliesta ikipata moto inayeyuka na kudondoka kama nta. Kazi niliipata kwa mkono. Meneja wetu, ambaye sote tulimwita sir, alinifunga macho kwa kitambaa, akaniwekea nguo kumi mezani, nikazitaja zote bila kukosea. Akaniuliza nataka mshahara gani. Nikamwambia hebu nifunge tena, niongeze kumi nyingine, halafu tuzungumze.

Pamba ikishachambuliwa tunakata vifungo na zipu, tunailisha mashine ya meno, inatoka sufi ya kijivu na buluu kama wingu la masika. Ile tunayoiita chumvi ni unga mweupe wa boraksi. Tunauyeyusha kwenye tangi la maji moto, tunanyunyizia sufi, inakaushwa, inashindiliwa kwenye tanuri, inatoka blanketi nene la ukubwa wa godoro la mtoto. Blanketi hilo linawekwa juu ya dari na ndani ya kuta kuzuia joto. Aliyewahi kulala chini ya bati la Dubai mwezi wa Agosti hahitaji kuelezwa faida yake. Ila pamba na moto ni mtu na shangazi yake, hawakataani. Bila chumvi ya kutosha umemlaza binadamu chini ya utambi.

Tangi moja ni ndoo ndogo ishirini za chumvi. Mfuko mmoja unajaza ndoo tano. Tangi moja linatoa mablanketi sitini.

Sir alitupa karatasi na kalamu ya kuandika kila ndoo. Mvuke ukailowesha karatasi, unga ukaziba kalamu, mwisho wa wiki tukawa na daftari linalofanana na andazi. Tukarudia akili zetu za sokoni: mabakuli mawili ya plastiki na vifungo vya mashati. Kila ndoo, kifungo kinahama kutoka bakuli la kushoto kwenda la kulia. Na mimi, kama nifanyavyo kila kitu, nilihesabu mara mbili. Ndoo ikijaa, kifungo. Ndoo ikimwagwa, kifungo kingine. Kutoka kwenye mfuko hadi kwenye tangi ni hatua nane, na katika hatua nane mtu anaweza kupiga chafya, kuitwa na dereva, kupokea simu ya mama. Kwa hiyo tangi langu lilitimia kwa vifungo arobaini.

Mwenzangu katika kazi hiyo alikuwa mama mmoja kutoka Moshi, Mkristo, mtaratibu, mwenye kicheko cha kuamsha jirani. Siku zake za tangi alihesabu kama watu wengine: ndoo moja, kifungo kimoja. Lake lilitimia kwa ishirini. Kwa miezi saba hatukuwahi kuulizana, kama majirani wawili wasivyoulizana mchuzi unatiwa vidole vingapi vya chumvi. Tangi la mtu lilikuwa la mtu.

Isipokuwa Jumatatu ya wiki ile.

Nilimfuata kwenye meza ya kuchambulia. Alikuwa anakata zipu.

"Mama, Jumatatu nilipokwenda kuswali adhuhuri, si nilikuachia tangi?"

"Uliniachia. Kwani?"

"Ulitia ndoo ngapi?"

"Sikutia hata moja, dada. Nilikuta vifungo ishirini kwenye bakuli. Nikavihesabu tena, maana nakujua wewe na hesabu zako, visije vikapungua ukanila nyama. Ishirini kamili. Nikafunga mfuniko, nikafungua pampu."

 Vifungo ishirini vyangu ni ndoo kumi.

Alikuwa na akili ya haraka kuliko yangu siku hiyo. Mkasi ukasimama. "Usiniambie," akasema. Kisha, "Yaani wewe unahesabu kila ndoo mara mbili? Nani alikufundisha uchawi huo?"

"Soko."

"Soko lako litatufukuzisha kazi, jamani."

Niliporudi kutoka kuswali siku hiyo pampu ilikuwa inanguruma, nami nikafurahi kuwa nimepunguziwa kazi. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Mwanamke anayehesabu hatua zake kutoka kitandani hadi chooni alikuta kazi imekwisha, akashukuru, hakuuliza.

Ungedhani testi ingetukamata. Kila asubuhi sir alichukua blanketi la kwanza la siku, akalipiga moto kwa tochi ya gesi, likawa jeusi bila kuwaka, akatia saini. Lakini blanketi la kwanza asubuhi ni la tangi lililochanganywa jana yake. La Jumatatu mchana lilianza kutoka saa nane, na hadi Jumanne asubuhi tulikuwa tumeshachanganya jingine. Yale sitini yalipita katikati kama mtu mwembamba kwenye foleni.

Kilichobaki ghalani ni kipande kimoja tu, maana kila tangi tulikata sampuli ya ukubwa wa kiganja, tukaiweka rafuni na tarehe yake. Wakati wa chakula tukatoka nayo nyuma ya ghala, wanapovutia sigara madereva. Nikaazima kiberiti cha gesi. Nikakata nusu ya kipande, nikashika mwali chini yake nikihesabu hadi thelathini, nikauondoa.

Ulichezacheza kwenye nyuzi za juu, ukafa. Pakabaki weusi tu.

"Umeona?" mwenzangu akasema. "Umejipa presha bure. Twende tukale."

Nilikuwa nimeshanyanyuka. Ni mazoea tu yaliyonirudisha, nikahesabu thelathini ya pili. Nilipofika ishirini na kitu ukatoka moshi mwembamba kama uzi unaotoka kwenye sindano. Na harufu. Nyanyangu alikuwa na desturi ya kulaza moto kwenye kumbi la nazi. Unaliona baya, jeusi, baridi, ukilipuliza alfajiri linakuonyesha jicho. Nikakipasua kipande kwa kucha. Ndani kulikuwa na pete nyekundu, mwanzo ukubwa wa kifungo cha shati, kisha cha koti. Ilikuwa inatafuna pamba polepole bila mwali, bila haraka, bila sauti.

Tukaleta sampuli ya tangi la siku nyingine tukaifanya vivyo hivyo. Ikawa nyeusi, ikapoa, khalas.

Mwenzangu akakanyaga kile kibaya kwa kiatu chake cha kazi mpaka kikawa jivu. Uso wake ulikuwa umekwisha kicheko.

"Mablanketi yamepelekwa wapi?" akauliza.

Nilikuwa najua. Jumatano yalipakiwa kwenda Rashidiya, kwenye nyumba ya wafanyakazi wa usafi wa hoteli za Al Garhoud. Chumba cha juu, kilichojengwa kwa mabati juu ya paa la villa. Nililala humo mwaka wangu wa kwanza mjini.

"Dada, nisikilize," akasema, sauti chini. "Hakuna aliyeona. Nyumba hiyo imekaa miaka yote bila chumvi yenu. Imeungua?"

"Haikuwa na pamba juu yake."

"Mimi nina watoto watatu Moshi. Visa yangu unajua inaisha lini."

"Mwezi wa tatu."

"Haya. Hesabu hiyo pia mara mbili." Akachukua mkasi wake akaingia ndani.

Sikumlaumu. Nilikuwa na hofu ileile, ila yangu ilikuwa na vyumba viwili: kimoja cha visa, kimoja cha bati. Nikijaribu kulala kwenye kimoja, nasikia harufu ya moshi kutoka kwenye kingine.

Jumapili, siku yetu ya mapumziko, nikapanda treni hadi Rashidiya. Nilijiambia naenda kuangalia tu, pengine mafundi bado hawajaweka. Mchuuzi haendi kununua, anakwenda kuangalia.

Mlangoni nilipokewa na mwanamke wa Unguja ambaye mwaka ule wa kwanza alinihamishia kitanda chake cha chini kwa sababu nilikuwa naumwa mgongo. Umri wake umepita hamsini, anatandika vitanda vya hoteli haraka kuliko wasichana, na sote tulimwita Bi Mkubwa.

"Alaa! Mgeni wa Ras Al Khor! Leo umekumbuka kwenu?"

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Mikono mitupu?"

"Nimeleta ndizi."

"Ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na umezihesabu mara mbili, zikawa ishirini na nne." Wanawake waliokuwa vitandani wakacheka, nami nikacheka, meno yakiwa makavu.

Dari ilikuwa imeshafungwa. Jasi nyeupe, safi, skrubu zake zikimeta. Chumba kilikuwa na ubaridi ambao mimi sikuwahi kuupata humo.

"Mafundi wamekuja Jumatano," Bi Mkubwa akasema, akiashiria juu kama anayeonyesha mkufu wa dhahabu. "Fundi kasema kitu kile hakishiki moto hata ukitie kiberiti. Wallahi zamani nikipika moyo uko mkononi. Sasa twapika raha mstarehe."

Jiko lake la umeme la koili lilikuwa pembeni, juu ya sinia, sinia juu ya kitu kilichofunikwa kanga. Zamani alilikalisha juu ya kigae sakafuni. Nililiona hilo, sikulifikiria. Nilikuwa na hesabu nyingine. Vitanda vinane vya ghorofa, watu kumi na sita. Majiko na masufuria ya umeme ya wali, tisa, yote marufuku. Soketi moja, imebeba waya wa kuunganisha, nao umebeba mwingine, na waya wa taa umetoboa jasi na kupotelea juu, mlemle walimolala mablanketi yangu. Dirisha moja, limejazwa kiyoyozi. Mlango mmoja. Nikahesabu tena. Mlango mmoja.

"Mlango ni huu tu, Bi Mkubwa?"

"Ulitaka mingapi, hii nyumba ya sultani?"

Nikanywa chai iliyopikwa kwenye jiko lile.  Mwishowe nikasema uongo, na ulinitoka laini kama bei ya asubuhi:

"Nimesikia wakaguzi wanapita wiki hii. Majiko yafungeni, mfiche, mpaka wapite."

Vicheko vikakatika. Ndani ya dakika mbili majiko yote yalikuwa yamezimwa na kusukumwa chini ya vitanda. Nikaondoka nikijipongeza kuwa nimenunua siku mbili bila kulipa.

Usiku ule nililala nikisikia kila king'ora cha mji. Vilipita vitatu. Nilisikiliza kila kimoja kinaelekea wapi.

Jumatatu asubuhi nikaingia ofisini kwa sir na sampuli iliyobaki, nusu ya kiganja, ndani ya kopo la biskuti. Sheria ya soko ni kwamba usiende kwa mwenye mali mikono ikiwa na jasho. Yangu ilikuwa inadondosha.

"Sir, nataka uone kitu. Nataka dakika kumi."

"Dakika mbili."

"Saba."

Akaangalia saa, akakaa. Nikawasha. Mwali ukacheza, ukafa. Akatupa mikono. "Khalas, nzuri. Tatizo nini?"

"Zimebaki sita, sir."

Alikuwa mtu wa simu, sir, hawezi kukaa dakika moja bila kuishika. Moshi mwembamba ulipoanza aliiweka mezani. Nilipokipasua kipande na pete nyekundu ikafunguka mbele yake, akausogeza mwili nyuma na kiti chake. Akauliza kwa sauti ndogo ni tangi gani. Nikamwambia. Ngapi? Sitini. Yako wapi? Nikamwambia, na watu wangapi wanalala chini yake.

"Nani mwingine anajua?"

Swali hilo nalijua. Sokoni likiulizwa, anayeuliza anapima kama kitu kinaweza kuzikwa.  Nikasema, "Njia ile ya kuhesabu ni yangu, sir. Kosa ni langu."

"Na mkono uliofungua pampu ni wangu."

Mwenzangu alikuwa amesimama mlangoni, mkasi bado mkononi. Sijui alisimama hapo tangu lini. Hakuniangalia mimi, alimwangalia sir.

Sir akatuangalia mmoja baada ya mwingine. Kisha akachukua simu, akatufukuza kwa vidole. Kupitia kioo tulimwona anatembea huku na huko, anaongea Kiarabu, anajishika paji la uso. Akimaliza anapiga tena. Mara ya tatu alikuwa amesimama wima kama mwanafunzi, tukajua anaongea na arbab, mwenye kiwanda.

"Kumbe na yeye anaogopa," mwenzangu akasema.

"Afadhali. Tukiogopa watatu mzigo ni mwepesi."

"Si mwepesi hata kidogo, dada."

Kweli haukuwa mwepesi.

Jumanne adhuhuri lori likarudi na mablanketi. Mafundi walikuwa wamefungua dari asubuhi. Sir akahesabu yakishushwa, akapata hamsini na tisa. Nikahesabu mimi. Hamsini na tisa.

"Moja limekatwa labda," akasema.

"Likikatwa yanakuwa mawili, sir. Haliwi hakuna."

Tulikuwa tumesimama hivyo, kila mtu anatafuta kichwani, ndipo iliponijia ile kanga ya Bi Mkubwa. Sinia juu ya kanga, kanga juu ya kitu. Kigae hakipo sakafuni. Nikahisi baridi miguuni katikati ya Ras Al Khor saa saba mchana.

Dereva alikuwa ameshaondoka. Sikumngoja. Nilifika Rashidiya alasiri, na nilipopanda ngazi nilisikia vitunguu vinakaangwa.

"Wakaguzi wako wamekuja!" Bi Mkubwa akaniambia kwa furaha, mwiko mkononi. "Wamefungua dari, wamebeba vitu vyao, wamekwenda zao. Na jiko hawakuliona. Sasa tushapona."

Yaani uongo wangu ndio uliowasha jiko. Wote waliniamini, na mafundi walipoingia na kutoka, hatari kwao ikawa imepita.

"Zima, Bi Mkubwa. Zima sasa hivi. Chini ya sinia kuna nini?"

"Kijigodoro. Kilimzidi fundi, nikamwomba. Si ndiyo kile kisichoshika moto?"

Nilichomoa waya mwenyewe. Nikanyanyua jiko, sinia, kanga. Blanketi lilikuwa limekunjwa mara tatu, na katikati yake pana doa la hudhurungi ukubwa wa sahani ya chai.

"Hiki kibovu," nikasema. "Hata ya juu yalikuwa mabovu, ndiyo maana yameondolewa. Hakukuwa na wakaguzi. Ni mimi niliyetia chumvi nusu."

Akauweka mwiko chini. Chumba kizima kilinitazama.

"Jumapili ulikaa pale," akasema, akionyesha kitanda, "ukanywa chai yangu. Ulikuwa unajua?"

"Ya dari nilijua. Hiki sikukijua."

"Ukatuachia tulale."

Nikaliinua lile blanketi.

"Haya, toka nacho," akasema, akanigeuzia mgongo. Hakunisindikiza. Mwanamke yule humsindikiza hata muuza maji.

Nililitia blanketi kwenye gunia la mchele, nikapanda basi, nikaliweka mapajani. Vituo vitano kabla ya kushuka. Lilikuwa na joto. Nikajiambia ni joto la jiko, lazima litapoa. Kituo cha kwanza, lina joto. Kitu kilichotoka motoni hupoa kadiri unavyokwenda, hata mtoto anajua. Kituo cha pili nikalihamisha paja, maana paja la kulia lilikuwa linaungua. Mwanamume wa kiti cha mbele akanusa, akageuka, akatazama sakafu kama anayetafuta kosa la injini. Nami nikatazama sakafu. Basi lilikuwa limejaa watu wanaotoka kazini, milango miwili, madirisha hayafunguki. Nilihesabu vichwa, nikaacha kwa mara ya kwanza katikati ya hesabu.

Nikabonyeza kengele mfululizo. Dereva akanifokea. Kituo cha tatu nikaruka na gunia, nikakimbilia kwenye mchanga kando ya barabara, nikalimwaga. Lilipokunjuka hewa ikaingia, na lile jicho la nyanyangu likafunguka: duara jekundu ukubwa wa sinia, linapumua. Chupa yangu ya maji ilikuwa nusu. Likafoka kama nyoka. Nikalimwagia mchanga kwa mikono miwili, nikalikanyaga kwa makubadhi mpaka soli ikanuka, nikalikanyaga tena. Magari yalikuwa yanapita. Kwa mwenye kuona, ni mwanamke mwenye baibui anapigana na mto.

Nilikaa kando yake karibu saa nzima. Kila nilipotaka kuondoka nilitia mkono ndani, kutafuta joto.

Niliposhuka Ras Al Khor sir alikuwa bado mlangoni, na mwenzangu pia, ingawa zamu yake ilikuwa imekwisha. Nikaliweka lile gunia chafu juu ya rundo. Hawakuuliza. Sir akahesabu kwa mdomo, sitini. Akanigeukia, akaningoja. Nikahesabu. Sitini.

"Kuhusu nyinyi wawili," akasema, "arbab ataamua. Yalla, nendeni nyumbani."

Sikujadili.

Arbab alituacha, na hadi leo sijui alipima nini. Mwezi wa tatu mwenzangu alipata mhuri wake wa visa. Tulipewa kidude cha chuma cha kubonyeza kwa kidole, kinachohesabu chenyewe, na blanketi la testi sasa linatoka kila tangi, si kila asubuhi, na linangojwa dakika kumi baada ya moto kuondolewa. Yale hamsini na tisa tuliyarudisha kwenye mashine ya meno, tukayanyunyizia chumvi iliyokosekana: ndoo kumi, mifuko miwili. Tulisimama kwenye tangi wote wawili. Mimi nilibonyeza, yeye akataja namba kwa sauti kama mwalimu wa chekechea, na hakucheka hata mara moja. La sitini, lenye shimo, tulilizika kwenye pipa la mchanga.

Bi Mkubwa sikumpigia. Niliandika ujumbe mara nyingi, nikaufuta. Chumba chao kiliwekewa mablanketi mengine, ya tangi ambalo nililihesabu mimi, nikalipiga moto mimi, nikalisubiri saa nzima badala ya dakika kumi. Hata hivyo nikipita Rashidiya natazama lile paa la bati kutoka barabarani, na pua inafanya kazi yake kabla ya macho.

Wiki ya tano nikapata ujumbe wake wa sauti. Hapakuwa na salamu. Nyuma yake vilisikika vitunguu vinakaangwa.

"Nimekirudisha kigae chini ya jiko," akasema. Mwiko ukagonga sufuria. "Na mlango bado ni mmoja."

Nikausikiliza mara ya pili.